Mtu Mmoja Katika Ripoti

Borovdol, 9 Novemba

Mdogo wangu Iskren,

Usinipigie simu. Ukipiga nitazungumza habari za kabichi na hali ya hewa tu. Barua hii naipeleka kwa mkono wangu posta ya mji wa pili, na wewe nijibu kwa barua.

Shemeji yako Krastyo wamemvunja. Jumamosi, mchana kweupe, watu watatu walimvizia kwenye daraja la kinu wakiwa na vyuma vya kufungulia magurudumu. Mikono yote miwili imevunjika. Vidole vimesagika, unaviona kama si vyake. Taya limepasuka, na daktari amelifunga kwa waya. Sasa anakunywa supu ya maharage kwa mrija, na ikimpalia damu inashuka nayo kidevuni. Mimi nafuta, nampa tena.

Unajua yaliyompata Spas Lyutov, mlinzi mwenzake wa msitu. Mwezi uliopita alikutwa bonde la misonobari, shoka limemkaa shingoni. Polisi wakasema ameliangukia shoka lake mwenyewe. Spas! Mtu aliyeshika shoka kabla hajaota ndevu! Krastyo alikuwa juu kilimani siku ile, na aliona kila kitu. Akarudi, akanyamaza, akawa halali wala hali.

Mimi nilikuwa Plovdiv namuuguza shangazi. Jumatano Krastyo akashindwa kuvumilia, akanipigia akaniambia yote: magogo ya wizi yalikuwa kwenye lori la nani, nani alishika shoka, na nani alisimama pembeni amevaa sare, anavuta sigara mpaka Spas alipoacha kutapatapa. Akasema Jumatatu angekwenda kwa mwendesha mashtaka mkoani, siyo kwa Tonkov, mkuu wetu wa polisi hapa. Unaelewa kwa nini siyo kwa Tonkov. Alitaka na wewe uambiwe. Nikamwambia tusikusumbue, una kazi nyingi.

Hayo tuliyajua mimi na yeye tu. Lakini pale darajani, kabla ya kumpiga taya, mmoja aliinama akamwambia, "Kumbe Jumatatu unasafiri, njiwa mnene?"

Njiwa mnene, Iskren. Jina hilo namwita mimi peke yangu, na kwenye simu tu, nikiwa mbali naye. Hata mbele yako sijawahi kulitamka, ningeona haya. Krastyo amenieleza kwa meno yaliyofungwa, neno moja moja, na aliponiambia hilo ndipo nikamwona analia. Vipigo havikumliza.

Wewe umo kwenye tume inayowakagua polisi wanaosikiliza simu za watu. Kila mwaka mnachapisha ripoti, nchi nzima isome. Basi niambie jambo moja tu: simu yetu ilisikilizwa? Na nani aliruhusu?

Dada yako,
Zdravka

*

Sofia, 16 Novemba

Dada Zdravka,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kisha nikaketi. Mpe shemeji pole yangu. Mwambie asijaribu kuongea, hata na mimi nikija.

Najua jibu langu halitakuridhisha. Sheria hainiruhusu kumwambia mtu yeyote, hata ndugu wa tumbo moja, kama simu yake inasikilizwa. Nikifanya hivyo nitafungwa, na aliyesikiliza atapona. Mtu huambiwa tu pale tume nzima inapokaa na kuthibitisha kwamba alisikilizwa kinyume cha sheria. Hapo ni lazima aambiwe, kwa maandishi. Na ripoti yetu ya mwaka haitaji majina. Inasema vibali vilikuwa vingapi, vya makosa gani, watu wangapi walisikilizwa, na wangapi kati yao walionewa. Mwaka jana kwa hao wa mwisho tuliandika sifuri.

Lakini nisikilize. Niandikie simu hiyo ilipigwa kutoka namba ipi, na maneno ya yule mtu darajani kama yalivyokuwa, usiyarembe. Kisha mchukue mumeo muondoke Borovdol. Nendeni kwa shangazi. Tafadhali, dada, kwa hili usibishane nami.

Iskren

*

Borovdol, 28 Novemba

Iskren,

Namba na maneno nimekuandikia kwenye karatasi ya pili. Kuondoka hatuondoki. Krastyo amekataa. Ametikisa kichwa mpaka nikaogopa waya utakatika.

Mbwa wetu wamemchuna. Nilimkuta asubuhi ananing'inia kwenye lango, ngozi imewekwa chini yake, imekunjwa vizuri kama nguo iliyopigwa pasi. Nilimshusha mwenyewe, nikamfukia mwenyewe. Kisha nikanawa mikono, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda kituoni.

Tonkov alinipokea kwa bashasha. Akaniagizia kahawa.

"Mama Mihneva! Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anaendelea na mrija," nikamwambia. "Nimekuja kuuliza kama mnasikiliza simu yetu."

Akacheka mpaka kiti kikalia. "Nani ana muda wa kumsikiliza mumeo akikoroma? Serikali haina hela za kuchezea namna hiyo."

"Basi yule aliyemwita jina langu la siri alilipata wapi?"

"Majina ya siri!" akasema. "Wanandoa wa umri wenu? Hongereni." Kisha akaacha kucheka. "Mwanamke, mwenzio alikuwa na ulimi mmoja tu, na sasa umefungwa kwa waya. Wako bado uko huru. Uangalie usije ukaumia."

Kahawa nilimmwagia mapajani, Iskren. Ilikuwa ya moto. Askari wawili walinitoa nje kwa nywele, wakanisukuma nikaangukia ngazi. Jino moja limeondoka. Si kitu, lilikuwa linaniuma hata kabla.

Nilipotoka, Rangel alikuwa ameegemea gari mbele ya kituo. Ni dereva wa Varbev mwenye kiwanda cha mbao, yule mwenye shingo kama ya ng'ombe. Akanipigia kelele barabara nzima isikie: "Msalimie njiwa!"

Basi sasa namjua.

Bunduki ya kuwindia ya Krastyo nimeishusha ukutani na kuipaka mafuta. Usiniandikie habari za sheria kuhusu hilo. Wewe fanya ya kwako. Nakuamini, mdogo wangu, siku zote nimekuamini. Tangu utotoni ulikuwa na moyo, ila hukupenda kuuonyesha.

Zdravka

*

Sofia, 12 Desemba

Dada,

Usishangae mwandiko. Naandika kwa mkono wa kushoto, niliteleza kwenye barafu mbele ya nyumba. Ni mfupa mdogo tu.

Nitakuambia jinsi mambo yanavyofanyika, bila kumtaja mtu. Polisi hupeleka ombi kwa jaji: tunamfuatilia fulani, muuza unga wa kulevya, na hizi ndizo namba zake. Jaji anatia sahihi. Kati ya namba za muuza unga huyo unaweza kupenyeza namba ya mtu mwingine kabisa, kwa mfano mlinzi wa msitu. Jaji hamjui, na mitambo haichagui. Kuanzia hapo mtu mzima, mwenye mke na mambo yake, anasikilizwa kwa jina la mhalifu asiyemjua.

Nimesikiliza rekodi fulani. Ni wajibu wangu. Ilinibidi nisikilize mwanzo mpaka mwisho, nikiwa nimevaa vile vidude masikioni, na mwenzangu Nevena pembeni yangu. Siwezi kukwambia zaidi. Nilipomaliza nilimwandikia mwenyekiti wetu kwamba mmoja wa watu wanaosikika ni ndugu yangu, kwa hiyo niondolewe kwenye faili hilo. Mwenyekiti alifurahi sana. Aliniondoa siku hiyo hiyo, kisha akaamuru rekodi ziharibiwe haraka, "kulinda faragha ya wahusika." Unaona alivyo mwungwana? Sheria kweli inasema rekodi za namna hiyo ziharibiwe. Lakini inataka sahihi mbili zaidi, na Nevena amekataa kutia yake. Faili kaliweka kwenye sefu, na sefu funguo zake anazo yeye.

Ripoti ya mwaka inakwenda bungeni majira ya kuchipua. Rasimu imeshaandikwa, na kwa walioonewa wameandika tena sifuri.

Nakuomba kwa mara ya pili, ondokeni.

Iskren

*

Borovdol, 21 Januari

Iskren,

Krastyo amekufa. Nakuandikia kabla hawajanichukua tena, maana wameniacha nimzike tu.

Walikuja Jumapili wakati kengele za kanisa zinalia, watu wote wako misani. Theluji ilikuwa imefika magotini. Nilikuwa namnyoa Krastyo jikoni. Nikasikia kioo cha sebuleni kinavunjika na harufu ya petroli ikaingia kabla ya moto. Kisha moto wenyewe ukaja, ukapanda pazia na dari kama uliokuwa umealikwa.

Nilimburuta. Mtu mzito, Iskren, na mikono yake haishiki kitu. Nilimfikisha mlango wa nyuma, nikaufungua, na pale uani alikuwa amesimama Rangel na chuma chake, anatungoja kama mtu anayengoja panya watoke shimoni. Krastyo alinisukuma kwa bega nikaanguka pembeni. Chuma kilikuwa kinanijia mimi. Kilimpata yeye, hapa, juu ya sikio. Sauti yake nimeisikia na bado naisikia, kama unapovunja boga.

Rangel alikiinua tena. Bunduki nilikuwa nimeiegemeza nyuma ya mlango. Nilimpiga tumboni kutoka karibu kiasi kwamba koti lake lilishika moto. Akakaa chini kwenye theluji, akaangalia tumbo lake, akaniambia, "Mama, umefanya nini?" Mama! Nikampiga mara ya pili, kifuani. Hakuniambia chochote tena.

Nilidhani ningefurahi. Nilikuwa nimeshalifikiria jambo hilo wiki nzima nikipaka mafuta ile bunduki, na katika mawazo yangu kila mara nilifurahi. Sikufurahi. Nilikaa kwenye theluji kichwa cha Krastyo kimelala mapajani, upande mmoja wa uso umenyolewa, mwingine una povu. Alipumua mpaka watu walipotoka kanisani. Kisha akaacha.

Tonkov mwenyewe alinifunga pingu. Anaandika kwamba nilimwita Rangel nyumbani nikamwua, na kwamba nyumba niliichoma mimi kuficha. Kwake simu haikusikilizwa, daraja halikuwepo, na Spas aliliangukia shoka.

Uko wapi? Barua zangu mbili hujajibu. Niliposema nakuamini, nilitaka uniamini na mimi. Mume wa dada yako yuko chini ya ardhi, na wewe unaogopa kununua stempu?

Zdravka

*

Sofia, 22 Januari

Kwa Bi. Zdravka Mihneva,

Hatujawahi kuonana. Jina langu ni Nevena Stamova, nafanya kazi na Iskren. Ameniomba nisikuandikie, lakini naona hana haki ya kukuficha.

Iskren yuko hospitali. Wiki iliyopita walimchoma kisu kwenye ngazi za nyumba yake, mara tatu, moja imepita karibu na figo. Amefanyiwa upasuaji na ataishi. Na mkono wake mwezi Desemba hakuteleza kwenye barafu. Watu wawili walimbana kwenye lifti, wakauweka mkono kwenye mlango, wakabonyeza. Walimwambia aitie sahihi rasimu ya ripoti yenye sifuri, na awahimize wengine watie. Asubuhi ile ile alikuja kazini mkono umefungwa kwa skafu, akaketi kwenye kikao, akapiga kura ya kuikataa rasimu kwa mkono wa kushoto. Mwenyekiti akamwuliza, "Umepatwa na nini, mwenzetu?" Iskren akamjibu, "Lifti zetu ni mbovu, mheshimiwa. Tuliandike nalo kwenye ripoti."

Kwa hiyo asipojibu barua zako, usimwandikie kwa ukali. Na mumeo nasikia anaendelea kupata nafuu. Mungu ampe nguvu, kwani ushahidi wake tutauhitaji.

Kwa heshima,
Nevena Stamova

*

Sofia, hospitalini, 2 Machi

Dada yangu,

Nevena ameniletea barua yako na nakala ya ile aliyokuandikia, ameaibika kwa lile neno la mwisho alilokuandikia. Zilipishana njiani. Nilikuwa nimelala na mipira puani wakati mnamzika shemeji. Nisamehe kwa hilo.

Nasikia mwendesha mashtaka wa mkoa amekutoa kwa muda, unakaa kwa paroko. Vizuri. Ukae hapo hapo.

Jana wametaka tupitishe ripoti. Nilikwenda kwa teksi, nimevaa koti juu ya nguo za hospitali. Mwenyekiti akasema, kwa sauti laini sana, "Hebu tufikirie. Mtu mmoja kati ya maelfu. Tukiandika mmoja, wananchi watadhani ni wote. Tukiandika sifuri, watalala vizuri. Kazi yetu si kuwakosesha watu usingizi."

Nikamwambia, "Huyo mmoja nimekula chumvi yake. Alinifundisha kuendesha trekta. Amepigwa akafa kwa sababu ya maneno aliyomwambia mkewe kwenye simu, na nyinyi mnataka aandikwe kama vile hakuwahi kupiga simu."

"Unazungumza kama shemeji," akasema, "siyo kama mjumbe."

"Ndiyo," nikasema. "Faili lake sikuligusa tangu nilipotangaza undugu. Lakini ripoti ni ya nchi nzima, na inabeba sahihi yangu."

Walipiga kura, tukashindwa. Ila sheria ina kifungu kimoja: mjumbe asiyekubaliana anaandika maoni yake, na maoni hayo lazima yachapishwe pamoja na ripoti, bila kukatwa hata nukta. Hawakuwahi kuona mtu akikitumia, kwa hiyo walikisahau. Mimi na Nevena tumeandika. Ni maneno machache, hayana jina la mtu wala la mji. Yanasema kwamba sifuri si kweli. Katika wilaya moja ya milimani raia mmoja alisikilizwa kwa jina la mtu mwingine, yaliyosikika yakafika mikononi mwa wahalifu, naye ameuawa. Yanasema rekodi zipo.

Najua ni kidogo, dada. Kwenye ripoti yetu shemeji ni mtu mmoja tu, asiye na jina. Lakini yumo.

Iskren

*

Borovdol, 6 Mei

Mdogo wangu,

Leo ni siku ya Mtakatifu Georgi, watu wanachoma kondoo, moshi umejaa mji mzima. Wiki iliyopita paroko aliniwekea gazeti mezani, akatoka. Nimeyasoma maneno yenu mara nyingi sana. Wameyaweka ukurasa wa kwanza, na chini yake wameuliza kwa herufi kubwa: NI NANI?

Borovdol hakuna asiyejua ni nani. Muuza mikate aliniangalia, akanipa mkate, akakataa kunitazama tena. Mjane wa Spas alikuja akakaa nami. Jioni ile Varbev alipita na gari, akashusha kioo, akatema mate barabarani. Lakini hakushuka. Nilimwona dereva wake mpya anaangalia huku na huku kama kuku.

Wiki hii wamefika wapelelezi kutoka mbali, si watu wa hapa. Wamefukua nyumba yangu iliyoungua. Tonkov wamemvua bastola mbele ya askari wake. Mimi wameniuliza habari za Rangel siku nzima, nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, hata ile risasi ya pili. Mwanasheria alinikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Sikunyamaza. Nilimpiga mara ya pili, basi. Mtu akiniuliza kwa nini, nitasema nilitaka afe.

Nilikuita mwoga wa stempu wakati umelala na matundu matatu mwilini. Nisamehe.

Zdravka

*

Borovdol, 17 Oktoba

Iskren,

Kesi ya Tonkov na Varbev imeanza, na daktari amekukataza kusafiri, kwa hiyo nakuandikia haraka kabla hujasoma magazeti. Kuna jambo nataka ulisikie kwangu kwanza.

Kesi yangu mwendesha mashtaka ameifuta. Ameandika nilikuwa najitetea. Hata ile risasi ya pili. Sijui kama ni kweli, lakini ndivyo alivyoandika.

Jana wakafika kwenye rekodi. Jaji ni mwanamke, mzee, mwenye sauti ya mwalimu. Akaniita mbele. "Bi. Mihneva, hapa kuna mazungumzo yako na marehemu mumeo. Ni mambo yenu ya ndani. Sheria inakupa haki ya kuomba milango ifungwe, watu na waandishi watoke. Unasemaje?"

Wakili wa Tonkov akasimama upesi, ati na yeye anaona milango ifungwe, kwa heshima ya marehemu. Nikamtazama Tonkov. Alikuwa anaomba kwa macho. Hapo ndipo nilipoelewa. Milango ikifungwa, yatasikika na watu saba. Mji wangu utaendelea kusema Spas aliliangukia shoka.

Lakini na mimi nilikuwa nakumbuka nilichosema kwenye simu ile. Mwishowe nikasema, "Mheshimiwa, walitusikiliza kwa kificho. Acha milango wazi. Na walioko nje, waingie."

Waliingia mpaka wakasimama kwenye madirisha. Kisha Krastyo akaanza kuongea. Sauti yake nzima, Iskren, taya lake zima! Alimtaja Varbev na shoka. Alisema Spas aliinua mikono akasema ana watoto, na Varbev akajibu, "Na mimi ninao," kisha akakata, na shoka halikutoka, akamkanyaga bega ili alichomoe, likakataa, akaliacha. Alimtaja Tonkov na sigara yake. Mjane wa Spas alipiga ukelele mmoja, wakamshika. Baba yake Spas, mzee yule aliyepooza upande, alijitupa juu ya kizuizi akamkaba Varbev koo, na ilibidi askari watatu wamtoe, kucha zake zimebaki na ngozi. Jaji hakusimamisha rekodi. Nadhani aliisahau.

Ndipo ikaja ile sehemu. Krastyo anasema, "Tumwambie Iskren." Na mimi, kwa sauti kubwa, ukumbi mzima unasikia, nasema: "Iskren? Yule mwoga? Alikuwa anakojoa kitandani mtu akigonga mlango. Tukimwambia ataandika ripoti, kisha atajificha chini yake."

Nilikuandikia kwamba nilikataa kukusumbua kwa sababu ya kazi zako. Nilidanganya. Sasa nchi nzima imenisikia. Nilitaka uambiwe na mimi, siyo na gazeti.

Zdravka

*

Sofia, 24 Oktoba

Dada yangu,

Niliisikia Desemba. Nevena alikuwa karibu yangu, akajifanya anatafuta kalamu chini ya meza.

Kuhusu kitanda ulisema kweli, ingawa ungeweza kuiacha nchi isilijue hilo moja. Muuza magazeti wangu ameniuliza leo kama naendelea vizuri, akacheka mpaka akakohoa.

Lakini rekodi haikuishia hapo. Huenda kelele za ukumbini zilikuzuia kusikia, au hata siku ile ya simu ulikuwa umeshaanza kuzungumza juu yangu na hukumsikia. Baada ya maneno yako Krastyo alisema, taratibu kabisa: "Usimseme hivyo. Mwoga ni yule anayekimbia. Huyu mtoto hutetemeka, lakini anakaa pale pale." Kisha wewe ukamwuliza kama amefunga kuku.

Nilirudisha nyuma nikasikiliza tena sehemu hiyo. Kisheria sikupaswa, mara moja ilitosha. Kwenye lifti walipokuwa wanaufunga mlango juu ya mkono wangu nilikuwa natetemeka kama jani, na nikajisemea: sawa, tetemeka, ila kaa hapa.

Muda wangu kwenye tume umekwisha na hawataniongezea. Nevena anabaki. Ripoti ijayo ataiandika yeye, na hakuna mtu atakayethubutu kumwekea sifuri mezani bila kwanza kutafuta.

Iskren

*

Borovdol, 3 Novemba

Iskren,

Barua yako nimeisoma kwenye kaburi, kwa sauti, mpaka mlinzi wa makaburi akaja kuuliza nagombana na nani.

Nikurudishie habari moja. Jana alasiri mlango uligongwa. Nikafungua, nikamkuta mke wa Tonkov. Tangu mumewe ahukumiwe kifungo cha miaka kumi na minne, hajaonekana mjini. Alikuwa amevaa miwani myeusi na mvua inanyesha. Nilishika mlango kuufunga usoni kwake. Nakuambia ukweli, kwa dakika ile nilitamani hata chuma cha Rangel.

"Umekuja kuomba msamaha?" nikamwuliza.

"Hapana," akasema. "Mimi sikufanya kitu."

"Basi?"

Akavua miwani. Jicho moja lina kovu la zamani, limeshona kope. Sikuwahi kuliona, miaka yote hiyo tunapishana sokoni.

"Alikuwa anajua kila nilichomwambia dada yangu," akasema. "Kila neno. Nikipanga kuondoka, ananisubiri kituo cha basi. Nikilia na dada kwenye simu jioni, usiku ananirudishia maneno yangu huku ananipiga. Nilidhani dada ananisaliti. Sijaongea naye miaka sita. Juzi amekufa." Akakunja miwani. "Wanasema wewe unajua mtu anavyoandika kule Sofia kuuliza. Nataka kujua kama na mimi nilikuwa kwenye mashine."

Mvua ilikuwa inamwingia shingoni na hakujikinga.

"Vua viatu," nikamwambia. "Nimepiga deki."

Akaketi jikoni. Nikamtafutia karatasi na kalamu, nikamtajia anwani ya tume kwa kichwa. Akaandika jina lake, akalikata, akaliandika tena, akalikata. Nikamnyang'anya kalamu, nikasogeza kiti changu karibu na chake.

"Sema," nikamwambia. "Anza popote. Naandika."

Zdravka